Kofia Ngumu ya Mwanamke Apandaye Pikipiki Bujumbura

Mwanamke wa Bujumbura aendaye sokoni, kazini au hospitalini kwa pikipiki ya kukodi aghalabu huchagua mambo yote ya safari yake isipokuwa moja. Huchagua dereva amwonaye mtulivu, hupatana naye nauli, humwelekeza njia aipendayo, na akiona mwendo umezidi humkanya; lakini kofia ngumu itakayokaa baina ya fuvu lake na lami huipokea vile ilivyo, imetoka kichwani mwa abiria aliyemtangulia, imening'inia katika usukani tangu alfajiri, wala hapana mtu aliyeichagua kwa kukadiria kichwa chake. Makala haya yakusudia kulitazama suala la uteuzi wa kofia hiyo kwa mapana yake: imetoka wapi, yafanya kazi gani, ni lipi hasa limtofautishalo mwanamke na mwanamume katika kuichagua, na ni kwa alama zipi njema itambulikane na mbaya. Rai nitakayoitetea ni kwamba sifa ya kwanza ya kofia ngumu ya mwanamke si rangi yake wala umbo lake, bali ni kuwa mali yake mwenyewe, aliyoijaribu kichwani mwake kabla ya kulipa, kwa sababu sifa nyingine zote zaitegemea hiyo.

Ni vema kuanza na mji wenyewe. Bujumbura umejiegemeza ubavuni mwa mlima: kutoka ufuko wa Ziwa Tanganyika, ulio kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, nyumba zapanda kuelekea mashariki, na Barabara ya Taifa ya Kwanza yaipita Kamenge ikakwea kwa mizunguko mikali hadi Bugarama, mahali palipozidi mita 2,000, kwa mwendo usiotimia kilomita 40. Katika njia hiyo malori yatokayo bara hugawana lami nyembamba na mabasi madogo, na waendesha baiskeli wateremkao na mizigo ya ndizi na makaa kwa kasi itishayo, kisha hurudi juu wakiwa wameshikilia nyuma ya malori. Kusini, njia ya Rumonge yapita Kanyosha kando ya ziwa. Magharibi, ya Gatumba yaelekea mpaka wa Kongo. Na Musaga yapakana na ile ipandayo Ijenda. Mwezi wa Machi 2022 serikali ilizipiga marufuku pikipiki, baiskeli na tuk-tuk kuingia katikati ya mji, na tangu hapo kazi ya pikipiki imebaki katika mitaa ya pembezoni, ambako lami hukatika ghafula ikawa vumbi, na mvua huchimba mifereji njiani. Fauka ya hayo, uhaba wa mafuta wa miaka hii umeyapunguza mabasi, na kila mwenye haja ya haraka hulazimika kupanda alichokipata. Mwanamke ni abiria wa kila siku wa safari hizi fupi, za kwenda sokoni, zahanati na shuleni. Na ilhali madereva wengi ni wanaume, yeye huijua pikipiki kwa kiti cha nyuma tu.

Kofia ngumu ya kisasa ilizaliwa kutokana na msiba mmoja. Mnamo Mei 13, 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepata sifa katika vita vya Waarabu dhidi ya Waturuki, alianguka na pikipiki yake karibu na nyumba yake huko Dorset, akafariki siku ya sita bila kurejewa na fahamu. Miongoni mwa matabibu walioitwa kumtazama alikuwamo mpasuaji wa ubongo Hugh Cairns, ambaye hakutosheka na kusikitika. Akaanza kutafiti vifo vya waendesha pikipiki, hasa matarishi wa jeshi waliokuwa wakifa kwa wingi njiani wakati wa vita, na mwaka 1941 akachapisha taftishi yake kuonyesha kwamba wengi wao waliuawa na majeraha ya kichwa, na kwamba kofia zaweza kuwaokoa. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawalazimisha matarishi wake kuzivaa. Hatua ya pili ilipigwa Marekani, ambako mwaka 1953 mtafiti C. F. Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California alipata hataza ya kofia yenye tabaka la ndani linyonyalo nguvu za pigo. Na mwaka 1957, baada ya kufa kwa dereva wa mashindano William Snell, marafiki zake waliasisi wakfu wa kuzipima kofia kwa jina lake. Umoja wa Mataifa nao, kupitia tume yake ya uchumi ya Ulaya, ulitoa kanuni iitwayo namba 22 mwaka 1972, ambayo imerekebishwa mara kadhaa, na ndiyo leo iongozayo kofia za nchi nyingi za dunia.

Tukiyafahamu maungo ya kofia ndipo tutakapojua la kutafuta dukani. Gamba la nje, liwe la plastiki ngumu au la nyuzi za kioo, kazi yake ni kulitawanya pigo lisielemee mahali pamoja, na kuteleza juu ya lami badala ya kung'ang'ania. Chini yake mna povu gumu la polistireni, lenye unene wa sentimita mbili au tatu, na hilo ndilo roho ya kofia: pigo lijapo, povu hupondeka, na katika ule muda mfupi wa kupondeka kichwa hupunguza mwendo polepole zaidi, na ubongo hausukumwi kwa ghafula juu ya mfupa wa fuvu. Povu lililokwisha pondeka halirudi hali yake. Kwa hiyo kofia iliyokwisha kumwokoa mtu imemaliza kazi yake, hata ikionekana nzima kwa nje. Ndani kabisa mna kitambaa laini cha starehe, ambacho wanunuzi wengi hukibonyeza kwa vidole wakidhani ndicho kingao, nacho hakikingi kitu. Mwisho uko mkanda wa kidevu, ambao pasipo huo yote yaliyotangulia ni bure, kwa kuwa kofia isiyofungwa hutoka kichwani kabla ya kichwa kufika chini.

Faida yake si ya kudhaniwa. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008, na ambayo Shirika la Afya Duniani limeyategemea tangu hapo, yalikadiria kwamba kofia humpunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Wako wasemao kwamba hayo ni ya barabara kuu za mwendo mkali, ambapo wao waenda kutoka Kinama hadi soko la Cotebu tu, tena taratibu. Jawabu lao liko katika hesabu ya kuanguka. Abiria aliyeketi nyuma ana kichwa kilicho mita moja na nusu hivi juu ya ardhi. Akianguka kutoka hapo, hata pikipiki ikiwa imesimama kabisa, kichwa chake chaweza kufika chini kwa kasi ya mita tano kwa sekunde na zaidi, ambayo ni karibu kilomita 19 kwa saa, nayo ni kasi itoshayo kulivunja fuvu juu ya jiwe. Ufupi wa safari haumwondoi mtu katika sheria ya uzito.

Sasa tufike kwenye kiini: je, iko kofia ngumu ya mwanamke? Wafanya biashara wa dunia wajibu kwamba iko. Katika milima ya Alpi, ambako watu hushuka juu ya theluji kwa mbao za kutelezea, maduka hupanga kofia za wanawake upande wake, zenye rangi za upole, kitambaa laini zaidi masikioni, saizi ndogo, na nafasi nyuma ya kupitisha mkia wa nywele. Lakini tukitoka dukani tukaenda penye mashindano, ambako mtu huteremka kwa kasi ipitayo kilomita 100 kwa saa, mgawanyo huo watoweka. Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kilifi katika pwani ya Kenya akalelewa Austria, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 huko PyeongChang, akiwa Mkenya wa kwanza kushindana katika mbio za kuteremka milima ya theluji. Na katika mbio za namna ile shirikisho la kimataifa la mchezo huo hudai kofia yenye kibandiko cha RH 2013, kiashiriacho kwamba imepimwa kwa pigo la kasi ya mita 6.8 kwa sekunde. Kibandiko hicho ni kimoja kwa wanaume na wanawake. Kadhalika katika kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa, ambayo toleo lake la tano liliziangusha kofia za pikipiki kwa mita 7.5 kwa sekunde juu ya chuma: vichwa vya bandia vitumikavyo maabarani hutofautiana kwa mzingo, toka sentimita 50 hadi 62, na hapana hata kimoja kilichoandikwa kuwa cha mume au cha mke.

Funzo ni dhahiri. Mbele ya pigo, kichwa cha mwanamke chadai kinga ile ile, na yeyote amwuziaye kofia hafifu kwa kuwa ina maua amemdhulumu. Walakini hasha, si kweli pia kwamba hapana tofauti yoyote; ziko nne, nazo hazikutokana na rangi. Ya kwanza ni kipimo, maana vichwa vya wanawake kwa wastani hupungua mzingo kwa sentimita mbili hivi kuliko vya wanaume. Ya pili ni nywele, pamoja na ususi wake. Ya tatu ni vazi la kichwani, la dini au la desturi. Ya nne, iliyo nzito kupita zote, ni kwamba mwanamke wa mji huu ni abiria, na abiria havai kofia yake bali huvaa ya mwenzake.

Tuanze na kipimo. Dereva anunuaye kofia ya abiria hana budi kununua moja iingiayo vichwa vyote, na iingiayo vyote lazima iwe kubwa. Matokeo yake ni kwamba mwanamke mwenye mzingo wa sentimita 54 hupewa kofia ya 60, ikazunguka kichwani mwake kama sufuria, ikamshukia machoni kila tairi iingiapo shimoni. Hapo hulazimika kuishikilia kwa mkono mmoja, mkono ambao ungalimfaa zaidi kushikia pikipiki. Kupima ni kazi rahisi: utepe wa fundi cherehani hupitishwa juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, na mahali pa nyuma palipotokeza zaidi, na tarakimu inayopatikana ndiyo saizi. Kwa watengenezaji wengi, 53 na 54 ni XS, 55 na 56 ni S, 57 na 58 ni M, 59 na 60 ni L. Kisha kofia ivaliwe, nayo iguse mashavu na paji la uso pande zote bila kuuma mahali pamoja. Mvaaji atikise kichwa: ngozi ya paji la uso iende pamoja na kofia. Afunge mkanda, kisha mwenzake ashike ukingo wa nyuma na kuusukuma juu kuelekea mbele. Kofia ikivuka na kumtoka, hiyo si yake, hata muuzaji ape kwa viapo vyote. Na kwa kuwa kitambaa cha starehe hulegea kwa matumizi, ibanayo kidogo siku ya kwanza ni bora kuliko iliyo sawia.

Nywele ni mlango ambao wasanifu wa kofia wa Ulaya na Asia hawakuufikiria sana, kwa sababu vichwa walivyovifikiria vilikuwa vya nywele lala. Mwanamke aliyesuka rasta nene na kuzikusanya utosini huinua kofia juu ya kichwa chake kwa sentimita kadhaa, na hapo ama haiingii kabisa, ndipo aipakate mapajani kwa ajili ya macho ya polisi, ama yaingia nusu, ikakaa juu ya fundo la nywele bila kugusa paji la uso. Hali zote mbili zamwacha bila kinga. Msusi na mnunuzi wapaswa kufikiriana: mwanamke apandaye pikipiki kila siku, akisuka misuko ilalayo juu ya ngozi, au akizifunga rasta zake chini, penye kisogo, chini ya ukingo wa kofia, ataweza kuvaa kofia njema, na wakati wa kununua aende na mtindo wa nywele auvaao zaidi, si siku aliyonyoa wala siku aliyosuka kwa ajili ya harusi. Vibanio vya chuma, shanga kubwa na hereni ndefu viondolewe kabla ya kupanda, maana kitu kigumu kilicho baina ya povu na ngozi huingia penye ngozi pigo lijapo. Na misuko iliyokazwa mno, ambayo yenyewe huzing'oa nywele za pembezoni taratibu, huteseka zaidi chini ya kofia ibanayo. Wajibu wa kuilegeza ni wa msusi, haukubali kuhamishiwa kwenye kofia.

Mintarafu ya staha, mji huu una Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa misikiti, na wako wanawake wengi kwengineko wafunikao nywele kwa hijabu, na wengine wajifungao vitambaa vya kitenge kwa desturi. Duniani suala hili limepata kuletwa hata mbele ya bunge: Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1976 kuwasamehe Wasingasinga wavaao vilemba wasivae kofia za pikipiki. Lakini kilemba cha Singasinga hakiingii chini ya gamba la kofia, ilhali hijabu yaweza kuingia bila taabu, na kwa hiyo hapana haja ya msamaha bali ya mpango. Kitambaa kiwe cha pamba nyepesi, tabaka moja, bila pini upande wa juu na wa masikioni. Mafundo na mikunjo ishuke shingoni. Na mkanda wa kidevu upite chini ya kidevu penyewe, juu ya kitambaa kilichonyooshwa, usifungwe juu ya mikunjo inayoteleza. Kofia iliyojaribiwa pamoja na vazi hilo dukani haitamlazimisha mwanamke kuchagua baina ya dini yake na uhai wake. Na kofia iliyo mali yake yamwondolea kero nyingine, ya kuingiza kichwa mahali palipolowa jasho la watu asiowajua, ambapo vijidudu vya ngozi na chawa huweza kuhama. Kero hiyo ni halali, na huko Kampala kampuni ya SafeBoda, iliyoanza mwaka 2014, ilitambua hivyo ilipowapa abiria wake kofia pamoja na vikofia vyepesi vya kuvaa ndani.

Umbo nalo lataka kufikiriwa. Kofia iliyo wazi usoni ni nyepesi, hupitisha hewa, na katika joto la tambarare ya Rusizi wengi huipenda. Lakini kidevu na taya vyabaki bila ngao, navyo ni miongoni mwa sehemu zipigwazo mara nyingi mtu aangukapo kifudifudi. Kofia ifunikayo uso wote hukinga zaidi, ila huwa nzito, aghalabu kilo moja na nusu hivi, na abiria aliye nyuma hulisikia joto lake kila pikipiki isimamapo. Wako waihofiayo kwamba huziba macho na masikio; hofu hiyo ilijibiwa na taftishi ya Harry Hurt huko Los Angeles, iliyotolewa mwaka 1981 baada ya kuzichunguza ajali 900 hivi, ambayo haikuona kwamba kofia iliwanyima wavaaji sauti au upeo wa macho uliohitajika kuepuka ajali. Kwa safari za Bugarama au Rumonge ningemshauri mwanamke ile ifunikayo uso, yenye matundu ya hewa. Kwa safari fupi za mtaani, iliyo wazi lakini yenye kufunika masikio na kisogo, na kioo mbele, ni bora kuliko ile njema atakayoiacha nyumbani kwa sababu ya joto.

Tangu Soko Kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, biashara imetawanyika katika masoko ya mitaa, Ruvumera, Kwa Siyoni na kwengineko, na kofia huuzwa pamoja na vipuri, njema na mbaya zikiwa zimepangwa ubao mmoja. Mnunuzi hana budi kuwa hakimu wa nafsi yake. Alama ya kwanza ya kuitafuta ni kitambaa kilichoshonwa katika mkanda wa kidevu, chenye herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, 1 ikiwa Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi. Chini yake hufuata namba ndefu ianzayo kwa 05 au 06, yaani toleo la kanuni, na herufi J kwa iliyo wazi usoni, au P kwa ile ikingayo kidevu. Kofia za India huwa na alama ya ISI, nayo ni ya kipimo cha IS 4151. Na madhali alama huweza kughushiwa, macho na vidole vithibitishe: inua kitambaa cha starehe, utazame kama chini yake mna povu gumu lisilobonyea kwa kidole, lenye unene ule tuliokwisha kuutaja. Ukikuta sifongo peke yake, au gamba tupu, umekuta pambo. Kofia za mafundi wa ujenzi, ambazo baadhi ya madereva huwapa abiria, zilifanywa kuzuia kitu kiangukacho kutoka juu. Hazina povu wala mkanda wa kustahimili ajali ya barabarani, wala hazifai hata kwa dharura.

Kofia ya mtumba yataka hadhari kubwa zaidi, kwa sababu muuzaji hajui imepigwa mara ngapi, na hata akijua hana faida ya kusema. Watengenezaji wengi hushauri kofia ibadilishwe baada ya miaka mitano hivi, kwa kuwa povu, gundi na plastiki huchakaa kwa jua, jasho na mafuta. Mwanamke apakaye mafuta ya nywele na azingatie: mafuta hayo huingia katika kitambaa na povu yakaviharibu mapema, na kikofia chepesi cha pamba kivaliwacho ndani, kifuliwacho kila mara, huirefusha kofia umri kuliko dawa yoyote. Asiioshe kwa petroli wala kuipaka rangi, maana vimumunyisho hulidhoofisha gamba bila kuacha dalili. Aioshe kwa maji na sabuni laini, aianike kivulini.

Iko mipaka ya kofia ambayo uaminifu wadai itajwe. Mwanamke aketiye upande, kwa sababu ya sketi au vazi la imvutano, hana mizani imara wala mahali pa miguu yote miwili, na kofia haimrudishii mizani hiyo. Mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni hana kofia inayomfaa, shingo yake haiwezi kuubeba uzito wa kofia, na mama aliyejikinga yeye mwenyewe hajamkinga mwanawe. Kwa safari hiyo basi, au gari, au miguu, ni bora, hata kama ni kwa kuchelewa.

Turudi kwenye hoja ya umilikaji. Kila shauri tulilolitoa, la kipimo, la nywele, la staha, la alama na la usafi, laanguka mara tu kofia inapokuwa ya dereva, kwa sababu abiria hawezi kupima, hawezi kuchagua, hajui historia yake, na ana dakika moja ya kuamua akiwa kando ya njia. Sheria imlazimishayo abiria kuvaa kofia haikumwuliza ni ya nani wala kama yamtosha. Polisi huridhika aonapo kitu juu ya kichwa. Matokeo yake ni utii usio na kinga, na mzigo wa utii huo waangukia zaidi wanawake, kwa kuwa vichwa vyao ndivyo vilivyo mbali zaidi na ile saizi moja iliyonunuliwa kwa ajili ya wote.

Watasema, na wana haki ya kusema, kwamba kofia ni ghali, na kwamba mwuza samaki wa Kanyosha au mchuuzi wa mboga wa Musaga hawezi kuinunua. Umoja wa Mataifa umekuwa ukihimiza kofia nyepesi, zipitishazo hewa, zilizotimiza kanuni ya 22, kwa bei ya dola 20 hivi; kiasi hicho ni kikubwa kwa mwanamke aishiye kwa mauzo ya siku, lakini si kikubwa kwa kikundi cha wanawake kiwekacho akiba na kukopeshana, kama vile vilivyojaa katika mitaa yetu, ambavyo hununua masufuria, viti vya sherehe na mabati kwa zamu. Wawili wenye kipimo kimoja na saa tofauti waweza kushirikiana kofia moja. Watasema tena kwamba pikipiki haziingii mjini, na kwamba mwanamke ashukaye pembezoni atalazimika kuibeba kofia mkononi siku nzima. Ni kweli, basi mfuko wa kitambaa wenye mkanda wa begani watosha, na mwajiri mwenye murua anaweza kuweka rafu mlangoni kwa ajili ya kofia za wafanyakazi wake, kama awekavyo mahali pa miavuli wakati wa masika.

Wengine nao wana sehemu yao. Vyama vya madereva vingeweza kuwa na kofia za saizi mbili kwa abiria, ndogo na kubwa, badala ya moja, na gharama yake ingegawanyika kwa safari nyingi. Ofisi ya serikali ishughulikiayo viwango, pamoja na forodha, ingeweza kuzizuia bandarini zile zisizo na povu, maana kofia ya uwongo ni hatari, kwa kuwa humpa mtu ujasiri asiostahili. Waume, baba na kaka wanaowanunulia wake zao, binti na dada zao simu kwa furaha, wangefaa kuwauliza pia mzingo wa vichwa vyao. Na wauzaji wa masokoni wawe na utepe wa kupimia ukining'inia dukani, kwa maana mteja aliyepimwa hununua kwa imani na hurudi.

Lakini yote hayo yatangoja, na safari ya kesho asubuhi haingoji. Kwa hiyo shauri langu kwa mwanamke wa mji huu ni fupi kuliko uchambuzi wake: apime kichwa chake, aende sokoni akiwa na nywele na kitambaa avivaavyo kila siku, atafute alama katika mkanda, aguse povu kwa kidole chake mwenyewe, afunge, atikise, asukume; na ikimkaa, ainunue, aandike jina lake ndani, wala asikubali tena kukodi, pamoja na kiti cha pikipiki, kinga ya kichwa iliyopimwa kwa ajili ya mtu mwingine.